Kibali cha nyati hakiletwi dukani

Mpwa wangu ana duka la vifaa vya ujenzi huku Nkuhungu, biashara imemkubali, na sasa anataka kuwinda nyati. Kuna kijana amemhakikishia kwamba kwa laki tano atamletea kibali mpaka dukani, kimegongwa mhuri na jina lake limeandikwa vizuri. Akanijia: "Shangazi, wewe umefanya kazi huko. Hebu niambie kama hili jambo lipo."

Halipo. Na kwa kuwa si yeye peke yake aliyeniuliza, naona bora niandike mahali ambapo wengi watasoma, maana vishoka wa vibali wanakula fedha za watu Dodoma hii, na baya zaidi wanawapeleka watu gerezani.

Nilikuwa mtunza kumbukumbu katika ofisi ya wanyamapori ya wilaya, upande wa Manyoni. Sijawahi kushika bunduki. Kazi yangu ilikuwa makaratasi: kufungua jalada la mwombaji, kujaza rejista, kutunza vitabu vya vibali kwenye kabati lenye kufuli, kisha kupokea vile vilivyorudi kutoka porini vikiwa na vumbi, jasho na wakati mwingine damu. Watu wengi humfahamu Bwana Nyama, yaani afisa wanyamapori, kwa sababu ya magwanda yake na gari lake. Lakini uwindaji halali huanzia mezani na humalizikia mezani, na ndiyo maana nadhani mtu wa masjala anayo ya kusema.

Jambo la kwanza nililomwambia mpwa wangu ni kwamba mnyama si wake. Hata nyati akiingia kwenye shamba lako la uwele na kulala humo mpaka asubuhi, bado ni mali ya umma chini ya Serikali. Ndivyo inavyosema Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, iliyochukua nafasi ya ile Na. 12 ya 1974. Kibali ni ruhusa ya kumtoa mnyama mmoja kwenye mali hiyo ya umma, na kila neno lililoandikwa juu yake ni mpaka. Kina jina la mtu, kina aina ya mnyama na idadi, kina eneo, kina tarehe ya kuanza na ya kwisha. Huwezi kumpa rafiki yako akawinde kwa niaba yako. Huwezi kuandikiwa pofu ukapiga tandala kwa kuwa ndiye aliyejitokeza. Ukivuka mto ukatoka kwenye eneo lako, kibali hakivuki pamoja nawe.

Watu huuliza kwa nini ugumu wote huu wakati wanyama wamejaa pori la Rungwa. Wamejaa kwa macho. Kwa hesabu ni habari nyingine. Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori, TAWIRI, huwahesabu kwa ndege, na kutokana na sensa hizo pamoja na taarifa za uwindaji wa misimu iliyopita ndipo hupangwa mgawo: eneo fulani msimu huu litatoa nyati kadhaa, kongoni kadhaa, ngiri kadhaa. Mgawo ukiisha umeisha. Nimewahi kuona mwombaji mwenye kila kitu mkononi akirudishwa nyumbani kwa sababu mnyama aliyemtaka alikuwa amekwisha kwenye karatasi, ingawa porini alikuwa anakula nyasi.

Na asiyeamini kwamba wanyama huisha akumbuke tembo. Sensa ya 2009 ilikadiria tembo 109,051 nchi nzima. Ya 2014 ilikuta 43,330. Miaka 5 tu. Sisi wa ukanda wa Rungwa na Ruaha tulikuwa katikati ya maafa hayo. Mizoga ilikuwa inaripotiwa ikiwa imekatwa uso mzima ili meno yatoke. Hao hawakuuawa kwa kibali. Ndiyo sababu ninaposikia mtu anasema kibali ni urasimu tu, moyo unaniuma.

Sasa njia yenyewe. Tanzania ina uwindaji wa kitalii na uwindaji wa wenyeji, na vishoka hupenda kuvichanganya. Uwindaji wa kitalii hufanyika kwenye vitalu, yaani vipande vya pori vilivyokodishwa kwa kampuni. Hapa kwetu mapori ya akiba ya Rungwa, Kizigo na Muhesi yamegawanywa vitalu vya namna hiyo. Mgeni hapewi kibali kwa kujitokeza ofisini na pasipoti yake. Anapitia kampuni yenye kitalu, kampuni inamwombea kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, TAWA, ambayo makao yake makuu yako Morogoro, na anapoingia porini lazima awe na mwindaji bingwa mwenye leseni pamoja na askari wa wanyamapori. Vitalu vyenyewe tangu 2019 vimekuwa vikinadiwa kwa njia ya kielektroniki. Msimu hufunguliwa tarehe 1 Julai na kufungwa 31 Machi. Anayetaka simba alipie safari ya siku 21, kwa sababu Serikali haitaki mtu mwenye haraka ampige simba wa kwanza atakayemwona.

Mwananchi kama mpwa wangu njia yake ni uwindaji wa wenyeji. Huu haufanyiki ndani ya kitalu cha kampuni wala, kwa vyovyote vile, ndani ya Hifadhi ya Taifa. Ruaha hakuwindwi, hata mgeni mwenye dola zake hawindi. Mwenyeji huwinda kwenye maeneo yaliyotengwa kwa ajili hiyo, na mlango wake ni Afisa Wanyamapori wa wilaya lilipo eneo. Umuulize mambo manne kabla hujauza hata mbuzi mmoja: uwindaji wa wenyeji umefunguliwa msimu huu, eneo gani limetengwa, mnyama ninayemtaka yupo kwenye mgawo, na ada ni kiasi gani kwa kanuni za sasa. La kwanza ni muhimu kwa sababu uwindaji huu umewahi kusimamishwa na Serikali kisha ukarejeshwa. La mwisho ni muhimu kwa sababu ada hubadilishwa na kanuni, na kishoka anaishi kwa kutaja bei ya zamani au ya kubuni. Ada ya Serikali inalipwa kwa kontroli namba, benki au kwenye simu. Anayekutaka umtumie kwenye namba yake binafsi "ili akusaidie kulipia" ameshakwambia yeye ni nani.

Kabla ya hayo yote kuna silaha, na hapa ndipo wengi wanakwama. Mpwa wangu anayo shotigani, anaimiliki kihalali kwa ulinzi wa duka. Nikamwambia, baba, hiyo ni ya kanga na kware. Kwa wanyama wakubwa na hatari, nyati, simba, tembo, sheria inataka bunduki ya raifo isiyopungua kaliba .375. Si anasa. Nyati ni kilo mia nyingi za msuli, na risasi ndogo itamkasirisha tu. Kwa hiyo mtu anayetaka kuwinda nyati lazima kwanza apitie mlolongo wa leseni ya silaha chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015: serikali ya mtaa impitishe, polisi wilaya wamchunguze, maombi yapande mpaka kwa mamlaka inayotoa leseni. Na leseni ya silaha si kibali cha kuwinda, kama vile kibali cha kuwinda hakigeuki leseni ya silaha. Ofisini tulikuwa tunaweka nakala ya leseni kwenye jalada la mwombaji, na namba iliyochongwa kwenye bunduki ililinganishwa na iliyoandikwa. Niliwahi kuona tofauti ya tarakimu moja ikisimamisha maombi mpaka polisi waandike upya. Mzee wa watu alikasirika sana. Lakini silaha isiyolingana na karatasi yake haiwezi kuingia porini, na mimi nilikuwa upande wa karatasi.

Kuna wanyama ambao hakuna fedha itakayowaandika kwenye kibali. Twiga ni alama ya taifa letu, hawindwi. Faru hawindwi. Duma hawindwi, mbwa mwitu hawindwi. Kwa wale wanaowindwa bado kuna masharti ya umri na ukubwa, na haya mimi nayapenda kuliko sehemu nyingine yoyote ya kanuni, kwa sababu yanaonyesha kwamba aliyeyaandika aliwajua wanyama. Simba lazima awe dume wa miaka 6 au zaidi. Kwa nini 6? Dume anayemiliki kundi akiuawa mapema, madume mapya yanaingia na kuua watoto wote wa yule wa zamani ili majike yarudi kwenye joto. Risasi moja kwa dume wa miaka 4 inaondoa kizazi kizima. Akifika 6, watoto wake wa kwanza wameshakua kiasi cha kujiokoa. Wawindaji bingwa huangalia manyoya ya shingo, makovu, na pua, maana pua ya simba huanza na rangi ya waridi na kujaa madoa meusi kadiri anavyozeeka. Baada ya kuuawa, meno na fuvu hukaguliwa, na umri ukionekana pungufu kuna adhabu.

Tembo naye pembe zake zipimwe: kilo 20 kila moja au urefu wa sentimeta 160. Nyati dume aonekane amekomaa, pale juu ya paji pembe zimeungana na kuwa ngumu, si zile za kijana zenye manyoya katikati. Haya yanahitaji jicho na subira. Mwenye kibali anayetaka kupiga kisha aangalie baadaye hafai kupewa kibali.

Na namna ya kuwinda nayo imepangwa. Hupigi mnyama ukiwa ndani ya gari. Humulikii usiku. Huweki sumu, hutegi nyaya, huchomi pori ili wakimbilie kwako. Ukishapiga, unaandika kwenye kibali hapo hapo: tarehe, mahali, mnyama gani. Aliyejeruhiwa anahesabika kama aliyekufa, analipiwa, na ni wajibu wako kumfuata.

Hili la majeruhi nataka nikae nalo kidogo. Vibali viliporudi mezani kwangu, safu niliyoisoma kwanza ilikuwa hiyo. Msimu mmoja nilipokea kibali kilichoandikwa nyati mmoja amejeruhiwa, hakupatikana. Mwindaji alikuwa ameandika kwa uaminifu, alikuwa amemfuata mpaka giza likaingia, askari aliyekuwa naye akathibitisha. Taarifa ikaenda vijijini kwamba upande ule watu wasiingie. Lakini mrina asali haangalii ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji kila asubuhi. Nyuki wa kichaka cha Itigi na miombo ya Rungwa ndio ada ya shule ya watoto wake. Alikutana na yule nyati kwenye nyasi. Alipona, ila mguu haukurudi kuwa mguu. Ndugu zake walikuja ofisini kuulizia kifuta jasho, fedha ambazo Serikali humpa aliyeumizwa na mnyamapori, nami ndiye niliyewafungulia jalada, na karatasi ya mwindaji nikaiweka humo humo. Ndiyo maana nilimwambia mpwa wangu kwamba swali la bunduki ya .375 na swali la shabaha yako si la kwako na nyati tu. Kuna mtu wa tatu ambaye hujamwona, yuko na shoka na ndoo ya asali.

Baada ya mnyama kufa kazi ya karatasi haijaisha. Pembe, ngozi, fuvu na hata nyama huitwa nyara, na uhalali wako wa kuwa navyo ni kile kibali kilichojazwa. Mgeni anayesafirisha nyara nje anahitaji hati ya umiliki, na kwa mnyama kama chui au tembo anahitaji pia kibali cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ambao Tanzania imo tangu 1979. Na nchi aendako nayo ina lake. Aprili 2014 Marekani ilisimamisha kuingiza nyara za tembo kutoka Tanzania, watu wakajikuta wana kila mhuri wa hapa na hawawezi kupeleka pembe kwao.

Turudi kwa kishoka wa laki tano, maana yeye ndiye aliyeniamsha kuandika. Huko nyuma alikuja ofisini mama mmoja kutoka kijiji kilichopakana na pori. Mdogo wake alikuwa mahabusu. Alikamatwa na nyama ya pofu kwenye gunia, na alipokamatwa hakukimbia, alitoa karatasi mfukoni kwa kujiamini kabisa. Ilikuwa nakala ya kibali halisi cha mtu mwingine, jina limefunikwa na kuandikwa jipya, kisha ikatolewa nakala tena. Mama yule aliniuliza, "Dada, si ina mhuri?" Mhuri ulikuwepo. Namba ya kitabu ilikuwa ya msimu uliokwisha.

Kupatikana na nyara za Serikali bila uhalali ni kosa chini ya kifungu cha 86 cha sheria ile ya 2009, na husomwa pamoja na sheria ya uhujumu uchumi. Kulingana na mnyama na thamani yake, kifungo kinaweza kuwa miaka 20 mpaka 30. Watu husikia "nyara" wakadhani ni pembe za ndovu peke yake. Nyama iliyokaushwa darini ni nyara. Ngozi ya babu aliyoiacha ukutani bila hati ni nyara. Na kuingia tu kwenye pori la akiba bila ruhusa, hata huna silaha, unafuata mizinga yako, ni kosa. Wahadzabe wa Mkalama na Yaeda Chini wana nafasi yao inayotambuliwa kama jamii ya asili inayoishi kwa kuwinda, lakini jirani yao Mnyaturu au Mgogo hana, hata kama walikua pamoja na kuwinda pamoja utotoni.

Mimi siamini kwamba mtu wa kijiji cha Rungwa au Doroto anapaswa kujua haya kwa mara ya kwanza akiwa kizimbani. Mgeni anatoka ng'ambo na kila sharti amelisoma kwa lugha yake, kampuni imemwandalia. Mwananchi aliyezaliwa kilomita chache kutoka mpaka wa pori anaambiwa na kishoka. Kanuni ziko kwenye Gazeti la Serikali, nyingi kwa Kiingereza, na nakala ofisini hukaa kwenye kabati kama lile nililokuwa nalifunga mimi. Ofisi ya kijiji ina ubao. Karatasi moja tu ya Kiswahili ingetosha: maeneo yaliyotengwa, msimu, wanyama waliomo kwenye mgawo, ada, na namba ya simu ya ofisi. Nilipokuwa kazini tuliwahi kuichapa na kuigawa kwa watendaji wa vijiji, na msimu ule watu waliokuja kuuliza kabla ya kuingia porini walikuwa wengi kuliko nilivyozoea. Ningependa kuona watendaji wa leo wanaidai karatasi hiyo kutoka wilayani bila kusubiri waletewe.

Kama umeshaletewa kibali na mtu na una wasiwasi, usikipeleke porini kukijaribu. Kipeleke kwa Afisa Wanyamapori na uombe kilinganishwe na rejista: namba ya kitabu, namba ya kibali, jina lako, namba ya stakabadhi ya malipo. Ni kazi ya dakika chache. Kikiwa cha uongo, umepoteza fedha na una mtu wa kumtaja polisi. Hiyo ni hasara ndogo.

Wapo pia wanaonitumia ujumbe kwamba hawataki bunduki wala pori, wana hamu ya nyama tu. Kwa hao njia ni nyepesi. Tangu kanuni za kuuza nyamapori za mwaka 2020 mabucha yenye leseni yanaruhusiwa. Nunua humo, mchana, dai risiti inayoonyesha ni nyama ya mnyama gani na kilo ngapi, na uiweke pamoja na nyama mpaka itakapoisha.